Juri, hakimu na lugha ya sheria: yanayosemwa barazani Malindi na ukweli wake

Huku Malindi wengi wetu tumeijua juri kwenye filamu za Marekani: raia 12 wanamsikiliza jaji akiwaeleza sheria, wanajifungia chumbani, wanatoka na uamuzi. Ndiyo maana husemwa kirahisi kwamba wakikwama watamuuliza jaji, naye atawafafanulia.

Sivyo ilivyokuwa katika jimbo la Virginia, Marekani, kwenye kesi ya Lonnie Weeks, aliyepatikana na hatia ya mauaji. Wanajuri waliuliza: tukiona sababu mojawapo ya adhabu ya kifo imethibitishwa, ni lazima tumhukumu kifo, au twaweza kumpa kifungo cha maisha? Waliruhusiwa kumpa maisha. Jaji hakuwaambia hivyo. Aliwarudisha kwenye aya ile ile ya maelekezo waliyokwisha kuisoma. Walitoa hukumu ya kifo huku wengi wao wakilia. Mwaka 2000 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaliidhinisha jibu lile, majaji 5 kwa 4, na Weeks akauawa kwa hukumu hiyo Machi mwaka huo huo. Kwangu mimi, lawama ni ya mahakama, si ya wale raia.

Wengine huhofu kwamba lugha nyepesi huilegeza sheria. Jimbo la California lilipitisha mwaka 2005 maelekezo mapya ambayo jaji huwapa wanajuri katika kesi za jinai. Ya zamani yalisema kukumbuka visivyo bila nia mbaya si jambo lisilo la kawaida. Mapya yanasema watu wakati mwingine husahau kweli, au hukosea wanachokikumbuka. Sheria ni ile ile.

Kinachonikera zaidi ni kusikia kwamba hayo ni ya Wamarekani. Kweli, Kenya haina juri. Ile ya kikoloni ilikuwa ya Wazungu tu, na wazee wa baraza waliomshauri jaji waliondolewa 2007. Lakini mtazame mvuvi wa Mayungu kizimbani. Karani anasoma: wizi, kinyume cha kifungu cha 268(1) kikisomwa pamoja na kifungu cha 275 cha Kanuni ya Adhabu. Mvuvi anajibu, "Ni kweli nilichukua nyavu, ila tulizinunua pamoja na kaka yangu."

Barazani watasema amekiri. Hajakiri. Anadai nyavu ni zake pia, na hakimu anapaswa kuandika kwamba amekana. Tangu uamuzi wa mahakama ya rufani katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, 1973, mshtakiwa aelezwe shtaka na viini vyake vyote, yaani mambo yanayolifanya kosa liwe kosa, kwa lugha anayoielewa. Kifungu cha 50 cha Katiba ya 2010 kinampa mkalimani bila malipo. Kama Kiswahili cha karani kimempita na lugha yake ni Kigiriama, aseme papo hapo, "Mheshimiwa, sijaelewa," na aombe jibu lake liandikwe kama alivyolitamka.