Ghuba ina ratiba yake: asili ndani ya wiki ya kazi, hapa Tanga

Kazi yangu ni ikolojia ya pwani: mikoko, matope, na vyote vinavyoishi humo. Lakini swali ninaloulizwa mara nyingi halihusu utafiti. Wauguzi, walimu, wenye maduka ya Ngamiani, wote wananiuliza jambo moja: tunatamani kuwa karibu na asili, ila wiki inatumaliza, tufanyeje? Wengi wao wanangoja safari. Wanangoja sikukuu ifike waende Amani, au Mapango ya Amboni, au wapate boti ya kwenda kisiwani. Msitu wa Amani naupenda kwa moyo wangu wote. Lakini mtu akiamini kwamba asili iko huko tu, atakaa miezi bila kuona kitu, na huku anaishi kwenye mji wenye ghuba mbele na miembe na mikungu kila mtaa.

Wifi yangu ni mhasibu, anatoka Chumbageni asubuhi na mapema na kurudi Magharibi imeshaadhiniwa. Aliniambia, "Wifi, wewe kazi yako ndiyo hiyo. Mimi hiyo nafasi nitaipata wapi?" Nilimjibu kwamba dakika anazo. Asichokuwa nacho ni ratiba. Viumbe wana saa zao na miezi yao, na ukizijua, unakutana nao ndani ya dakika ambazo tayari unazitumia kwa mambo mengine: kusubiri bajaji, kunywa chai, kuanua nguo.

Tuanze na maji, maana hapo ndipo Tanga ilipojaliwa. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku inachelewa kwa dakika 50 hivi, kwa sababu mwezi nao unachelewa kuchomoza kwa kiasi hicho. Ndiyo maana anayepita kando ya ghuba kila siku saa 7 mchana hakuti mahali palepale. Jumatatu hii maji yamejaa hadi juu. Jumatatu ijayo, saa hiyohiyo, yamekupwa na mashua zimelala ubavu kwenye tope. Amepita barabara moja, ameona pwani mbili.

Bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, nalo lina saa zake. Kwenye pwani yetu, siku za bamvua maji hujaa mida ya saa 10, alfajiri na jioni, na hukupwa mida ya saa 4, asubuhi na usiku. Tofauti kati ya kujaa na kupwa hufika mita 3 na kitu. Siku za maji mafu, ambapo bahari hupanda na kushuka kidogo, mambo hugeuka: saa 4 asubuhi ndipo yanapojaa, tena kidogo tu, na saa 10 jioni yamepungua kidogo. Wavuvi wanayajua haya tangu utotoni. Wewe uliyelelewa ofisini huhitaji hata jedwali la bandarini. Tazama kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa sebuleni. Bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi kuwa mpevu, kwa hiyo tarehe 1 hadi 3, na 15 hadi 17, za mwezi wa Kiislamu ndizo siku zako.

Na saa 4 asubuhi ni saa ya nini? Ni saa ya chai. Bahari inaanika sakafu yake wakati uleule ambao mji mzima unasimamisha kazi kula vitumbua. Kwa mtu mwenye kazi karibu na ghuba, sioni zawadi kubwa kuliko hiyo.

Chukua kikombe chako, nenda hadi kwenye tope lolote lililo jirani na mikoko, halafu usimame. Mwanzoni utaona matundu tu, kwa kuwa kivuli chako kimeshawafukuza wenyeji. Usisogee. Baada ya dakika chache watatoka kaa wadogo, wengine wenye gando moja kubwa kupindukia na jingine dogo. Hao ni madume. Lile kubwa wanalipunga juu na chini kuwaita majike na kuwaonya madume wenzao, kwa kula hawalitumii. Jike ana magando mawili madogo, na anakula kwa yote mawili, zamu kwa zamu, akichota tope na kulipeleka kinywani. Anachuja chembe za chakula na kulitema tope lililobaki, likiwa kidonge. Tazama kuzunguka kila tundu, utaona vidonge hivyo vimetapakaa. Maji yakirudi yatavifuta vyote, na kesho kazi inaanza upya.

Kama kuna mchu hapo karibu, ule mkoko ambao mizizi yake midogo inachomoza wima kutoka kwenye tope ili ipate hewa, shika jani moja bila kulichuma. Siku ya jua kali utaona chembe nyeupe juu yake. Pitisha kidole, uonje. Ni chumvi. Mchu hunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi kupitia majani yake. Mkoko wa magondi, wenye mizizi iliyojipinda kama matao, hufanya vingine: huizuia sehemu kubwa ya chumvi mizizini kabla haijapanda. Miti miwili, tope moja, na kila mmoja ana njia yake. Nimewahi kuwaonjesha jani la mchu watu wazima waliozaliwa Sahare na hawakuwa wamelionja maishani mwao, na furaha waliyoionyesha ndiyo inayonifanya niandike haya.

Je, dakika hizo zinasaidia kitu? Mwaka 2019 Mathew White na wenzake walichapisha uchambuzi wa majibu ya watu karibu 20,000 wa Uingereza. Waliotumia angalau dakika 120 kwa wiki kwenye maeneo ya asili walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kusema kwamba wana afya njema na wanaridhika na maisha. Kinachotuhusu sisi wenye shughuli ni kwamba haikujalisha dakika hizo zimepatikana kwa mkupuo au kidogokidogo. Nisizidishe: utafiti wa aina hiyo unaonyesha mambo mawili yanayoandamana, hauthibitishi kwamba moja limesababisha jingine. Lakini wanasaikolojia Rachel na Stephen Kaplan walishatoa maelezo ninayoyaona ya kweli kila siku. Umakini wa kazini ni wa kujilazimisha, na huchoka. Kaa anayepunga gando anauvuta umakini bila kuulazimisha, na hapo ule wa kazini unapumzika.

Wasio na ghuba karibu wana anga. Jioni, kwenye foleni ya bajaji, tazama kunguru wanavyorudi kulala. Mwenye shingo ya kijivu ni mgeni kutoka Bara Hindi, aliyeletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19. Mwenye kifua cheupe ni wa kwetu. Huyu wa kijivu ananiumiza roho, kwa sababu anakula mayai na makinda ya ndege wadogo, na palipo na kundi lake chozi na tetere hupata shida kuzaa. Hata hivyo kumtambua ni jambo la lazima. Hesabu wa kijivu ni wangapi na weupe ni wangapi mtaani kwako, nawe utaelewa kwa nini asubuhi zetu zina kelele nyingi na nyimbo chache.

Mvua za vuli zikishaanza, kuna jambo ambalo sitaki mtu yeyote wa mji huu alikose. Jioni, juu ya viwanja vya mpira na nyasi za kando ya barabara, hutokea makundi ya kereng'ende wa rangi ya manjano, wakizunguka bila kutua. Mwaka 2009 mwanabiolojia Charles Anderson, aliyekuwa akiishi Maldivi, alitoa hoja kwamba kereng'ende wanaopita visiwa hivyo kila mwaka kuanzia Oktoba wanatoka India, na wanaivuka Bahari ya Hindi hadi Afrika Mashariki wakisaidiwa na upepo unaoelekea kwetu. Wanahitaji madimbwi ya mvua ili watage, na mvua inahama, basi nao wanahama nayo. Mdudu wa sentimita 5 hivi, mwenye mabawa membamba kuliko karatasi! Watoto wanaocheza mpira chini yao wanastahili kuambiwa habari hii. Waambieni.

Usiku, ukiwa jikoni na umechoka, mtazame mjusi kafiri kwenye kioo cha dirisha, taa ikiwa imewaka. Umwone kwa upande wa tumbo. Nyayo zake zina mistari, na kila mstari umejaa vinywele vidogo ambavyo jicho haliwezi kuviona, vyenye ncha zilizogawanyika tena na tena. Hana gundi. Vinywele hivyo vinakikaribia kioo kiasi kwamba nguvu ndogondogo za mvutano kati ya molekuli zinatosha kumbeba. Akitaka kuondoa mguu, anavikunja vidole kuanzia nchani, navyo vinabanduka. Kuyaona haya kunachukua muda wa maji ya chai kuchemka.

Wenye uwanja nawaomba jambo moja zaidi. Sisi watu wa pwani tunafagia. Alfajiri uwanja mzima unabaki mchanga mtupu wenye alama za chelewa, na mimi pia nimelelewa hivyo. Acheni kona moja, chini ya mwembe au mkungu, majani yakae. Humo wataingia mende wa porini, jongoo na buibui, na nyuma yao mijusi na ndege wa kuwawinda. Pembeni wekeni kigae chenye maji kidogo kwa ajili ya ndege, mahali ambapo paka hawezi kujificha, na pawe panaonekana kutoka mnaponywea chai. Maji hayo yamwagwe na kubadilishwa kila siku, na ukingo wa kigae usuguliwe, kwa sababu mbu anayeeneza dengi hubandika mayai yake hapo juu kidogo ya maji, na kumwaga peke yake hakuyaondoi.