Ndago si nyasi

Ndago ni gugu la jamii moja na mafunjo, linalozaana zaidi kwa viazi vidogo vilivyo ardhini. Maana ni hiyo tu. Kinachochosha ni kusikia ikiitwa "nyasi sugu" kila uchao.

Ukishuku gugu ndani ya ukoka wako, chuma bua lake lenye ua, ulizungushe kati ya kidole gumba na cha shahada. Bua la ukoka ni duara na lina vifundo. La ndago lina pembe 3 utakazozihisi, limejaa ndani, halina kifundo hata kimoja, na majani yake hutoka shinani kwa safu 3. Ya nyasi hupangika kwa safu 2. Haijatoa ua? Kata ukoka, rudi baada ya siku 2 au 3. Majani yaliyowahi kuchomoza juu ya mengine, yaking'aa, ndiyo ya ndago.

Nazo ndago ziko aina mbili. Mwaka 1753 mtaalamu wa mimea Linnaeus aliita moja Cyperus rotundus, "ya mviringo", na nyingine Cyperus esculentus, "ya kuliwa". Hii ya kuliwa ina ua la manjano, na kiazi chake kitamu hukaa peke yake kwenye ncha ya kila mzizi. Ile ya kwanza ina ua la hudhurungi iliyoingia wekundu, na viazi vyake vichungu vimeungana kama shanga kwenye uzi. Ndiyo maana "ing'oe na mizizi" ni ushauri mbaya: uzi hukatika, na viazi vilivyokuwa vimelala kwa kuzuiwa na kiazi cha juu huamka. Umeng'oa shina 1, yanaota 3.

Zikiwa chache, chimba sentimita 30 kwenda chini, chekecha udongo, viazi vitupe mbali na shimo la mboji. Zikiwa zimetapakaa, tumia halosulfuroni, dawa ya kuua ndago ambayo ukoka huihimili. Kipimo ni cha kwenye kibandiko. Ile ya asilimia 75 huwa gramu 1 hivi kwa mita za mraba 100, kwa hiyo usikadirie kwa kijiko. Changanya na dawa ya kunatisha, maana jani la ndago lina nta na matone huteleza. Usikate majani siku 2 kabla wala siku 2 baada ya kupuliza. Umanjano huonekana baada ya wiki 2 hivi. Wengi hukosa subira hapo wakapuliza tena. Mkupuo wa pili ni baada ya wiki 6 hadi 10, kwa zile zitakazochipua upya.

Dukani, ukiomba "dawa ya nyasi sugu" utapewa glaifosati, dawa isiyochagua mmea, na ukoka wote utakauka. Omba dawa ya ndago. Na ni ndago hii, ndago hizi, "mandago" hakuna.