Presha haisubiri mnada wa korosho

"Mzee hatozwi hospitali." Hii ndiyo dhana ninayoisikia zaidi huku Masasi na Newala, mkoani Mtwara, na ndiyo inayoumiza watu. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inataka wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo watibiwe bila malipo. Hayo maneno "wasio na uwezo" ndiyo yanayosahaulika. Mzee sharti atambuliwe kwanza, kuanzia kijijini kwake. Na hata akitambuliwa, dawa ikikosekana dirishani ataandikiwa akanunue dukani. Baba yangu mdogo alikuwa na kitambulisho mfukoni. Kilichomkwamisha ni nauli, chakula cha aliyemsindikiza, na siku nne za kulala mjini wakisubiri majibu. Gharama hizo hakuna msamaha unaozigusa, nasi hatukuwa tumeziwekea hata senti.

"Mikorosho ndiyo pensheni yangu." Inazaa, sikatai. Lakini minada hufunguliwa Oktoba, malipo yanapitia AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, na ikifika Juni kilichobaki kinasubiriwa na salfa, dawa ya kupulizia mikorosho. Presha na kisukari vinataka vidonge mwezi hadi mwezi, miaka yote. Mzee akikatisha dawa Mei kwa kuishiwa, kiharusi kinaweza kumpata kabla korosho hazijaanguka, na hapo familia inauza shamba lenyewe. Kwa hiyo, wazazi wangu, malipo ya mnada wa kwanza yakiingia, pigeni hesabu ya dawa za miezi 12 muitenge kabla ya bati na kabla ya shughuli. Bima pia ilipwe siku hiyohiyo. CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, ilipoanza ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka, kaya ya watu sita. Gunia moja la korosho lililipa na chenji ikarudi.

Walimu na manesi wanaoamini kadi ya NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, inakufa siku ya kustaafu, sivyo: aliyechangia na kutimiza masharti huendelea kutibiwa yeye na mwenza wake. Watoto hawamo. Wakatieni bima yao mapema.

Halafu ile ya "ugonjwa mkubwa ni Muhimbili tu". Zamani tulilazimika. Sasa Mtwara ina Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, pale Mitengo, Mikindani. Ulizeni huko kwanza kabla ya kumkatia mgonjwa na msindikizaji tiketi za basi la Dar.