Inchi 16 Si Inchi 16: Baiskeli ya Kukunja, Ndege na Safari ya Mbali

"Fundi, nataka baiskeli ya kukunja ya kwenda nayo kwenye ndege, halafu niizungushe wiki tatu. Nitafutie inayokunjika ndogo kuliko zote." Nimeulizwa hivi tena, na safari hii najibu kwa maandishi ili nisirudie: hapana. Kwenye ndege utakaa saa kadhaa. Juu ya siti utakaa wiki tatu. Ukichagua kwa udogo wa mkunjo peke yake, unapata baiskeli inayopendeza pale kaunta na kukukwamisha barabarani tairi likichanika siku ya nne. Vipimo vinavyoamua ni viwili: jumla ya sanduku, na namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi. Suala la sanduku ni rahisi, nitalipita haraka.

Mashirika mengi ya ndege hupima mzigo wa kawaida kwa kujumlisha urefu, upana na kina: sentimita 158, uzito kilo 23. Vigurudumu vya sanduku na mshikio vinahesabiwa pia, na wengi hulisahau hilo. Brompton, baiskeli ya kukunja yenye magurudumu ya inchi 16, ikikunjwa ni takriban sentimita 58.5 kwa 56.5 kwa 27, jumla 142. Sentimita 16 zinazobaki ni za kuta za sanduku na sponji. Dahon au Tern yenye magurudumu ya inchi 20 na bawaba katikati ya fremu ikikunjwa hukaribia 79 kwa 65 kwa 34, yaani 178, na nyingine huzidi hapo. Mtu akiona hesabu hiyo anasema basi, inchi 16 imeshinda.

Haijashinda. Hakuna aliyekulazimisha kuipakia kama ilivyokunjwa dukani. Toa magurudumu, chomoa paipu ya siti, toa au laza shina la usukani, fungua pedeli, halafu upime upya fremu tupu. Gurudumu la inchi 20 lenye tairi la kawaida lina kipenyo cha sentimita 50, kwa hiyo sanduku la 78 kwa 52 kwa 28 linalipokea, na jumla yake ni 158 kamili. Kinachokwamisha ni fremu, na kila fremu ina umbo lake. Nenda dukani na futi ya kupimia na uombe magurudumu yatolewe kabla hujalipa. Bike Friday wa Eugene, Oregon, wamekuwa wakitengeneza baiskeli kwa mantiki hii tangu 1992: New World Tourist yao ina magurudumu ya inchi 20, inafunguliwa vipande na kuingia kwenye sanduku gumu la kawaida, na sanduku lenyewe linaweza kuwekewa magurudumu likawa tela la kuvutwa nyuma. Gharama yake ni muda. Brompton unaikunja chini ya dakika moja. Hii itakuchukua nusu saa ya kufungua na nusu saa nyingine ya kufunga, ukiwa umeizoea.

Na kuingia nayo ndani ya chumba cha abiria? Sahau. Mabegi ya kabini huruhusiwa unene wa sentimita 20 na kidogo, na Brompton peke yake ni 27. Ukiunganisha na ndege ndogo za Caravan kwenda mbugani, kikomo mara nyingi ni kilo 15 kwenye begi laini, na sanduku gumu halipokelewi. Baiskeli ya chuma ya kilo 12 ndani ya begi laini inakuachia kilo 3 za nguo na spana. Soma masharti ya kila ndege utakayopanda, kwa sababu baadhi ya mashirika hutoza ada ya baiskeli hata ikiwa ndani ya sanduku la vipimo vya kawaida.

Sasa tairi, na hapa sitaharakisha hata kidogo.

"Inchi 16" ni jina la biashara, na chini ya jina hilo kuna rimu za vipimo tofauti ambazo matairi yake hayabadilishani. Tazama ubavu wa tairi utafute namba mbili zenye kistari katikati, kwa mfano 47-406. Ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha rimu pale tairi linapokalia. Hiyo ya pili ndiyo ukweli wote. Tairi la baiskeli ya mtoto la inchi 16, lile lililoandikwa 16 x 1.75, ni 305. Tairi la Brompton la inchi 16, lililoandikwa 16 x 1 3/8, ni 349. Tofauti ni milimita 44. Huwezi kulivuta, huwezi kulilazimisha kwa bisibisi, huwezi kulipaka sabuni likakubali. Ukiwa na Brompton hapo Mombo, mkoani Tanga, duka limejaa matairi ya "inchi 16" na hakuna hata moja lako.

Inchi 20 ina mtego wake. Tairi la BMX na la baiskeli ya mtoto mkubwa, 20 x 1.75 au 20 x 2.125, ni 406. Lakini baiskeli za kukunja zinazojiita za kasi hutumia 451, iliyoandikwa 20 x 1 1/8 au 20 x 1 3/8. Muuzaji atakwambia "ni inchi 20, spea ziko kila mahali". Spea za 406 ndizo ziko kila mahali, ndugu yangu. Za 451 utaziagiza. Na usijidanganye kwa hesabu za darasani: kwenye matairi ya baiskeli, 1.75 yenye nukta na 1 3/4 yenye sehemu si kitu kimoja, ingawa kwa mwalimu wa hesabu ni sawasawa. Nukta na sehemu ni familia mbili tofauti za rimu. Ndiyo maana nasisitiza usome namba ya milimita na uachane na inchi kabisa.

Kwa hiyo mtu anayekuja kuzunguka Tanzania au Kenya namwambia achukue 406 bila kupepesa macho. Kuanzia Kariakoo hadi mji wowote wenye duka la baiskeli za watoto, tairi la 406 utalipata. Litakuwa zito na la mpira mgumu, lakini litakufikisha. Angalizo moja: tairi la 2.125 lina upana wa milimita 57, na fremu nyingi za kukunja zimeachiwa nafasi ya 50 au pungufu. Pima nafasi kati ya uma wa nyuma kabla hujaondoka, na ujue kwamba huenda ukalazimika kuvua madigadi. Brompton wenyewe mwaka 2024 walitoa G Line yenye magurudumu ya 406 na matairi mapana kwa ajili ya njia mbaya. Ni nzito zaidi na mkunjo wake ni mkubwa kuliko wa dada zake, na bado waliona inafaa kuitengeneza.

Ukishaipenda 349, sikukatazi. Safari ya Ulaya ya kupanda treni na kulala mjini, Brompton haina mpinzani. Beba tu tairi moja la ziada, tyubu mbili na spoku nne za urefu halisi wa gurudumu lako, maana spoku za gurudumu dogo ni fupi na fundi wa njiani hana mashine ya kuchonga uzi wa skrubu. Tyubu ni mpira, inavutika: ya 305 itaingia kwenye 349 kwa dharura hadi ufike mjini. Tairi lina waya ukingoni, halivutiki. Angalia pia vali. Pampu ya fundi wa kijijini inakubali vali ya Kiingereza ya baiskeli za Phoenix au vali ya gari. Vali nyembamba ya kifaransa haimwambii kitu. Nunua kile kiunganishi kidogo cha shaba na ukifunge kwenye vali yenyewe, usikitie mfukoni.

Kuhusu "gurudumu dogo unapiga pedeli sana": si kweli, na sielewi kwa nini inaendelea kusemwa. Sproketi ya mbele imeongezwa meno ili kufidia. Dahon yenye meno 52 mbele na 11 nyuma inasogea mita 7.4 kwa mzunguko mmoja wa pedeli, ambayo ni gia kubwa kuliko miguu ya watu wengi wenye mizigo. Tatizo liko upande wa pili, kwenye mlima. Meno 52 mbele na 32 nyuma ni mita 2.55 kwa mzunguko. Pandisha na mabegi ya kilo 15 kutoka Mombo hadi Lushoto, zaidi ya kilomita 30 za kona na takriban mita elfu moja za kupanda, utashuka usukume. Badilisha sproketi ya mbele iwe meno 42 na kaseti (sproketi za nyuma) iwe ya meno 11 hadi 34. Gia ya chini inakuwa mita 1.94: ukizungusha mara 60 kwa dakika unakwenda kilomita 7 kwa saa bila kuyumba. Gia ya juu inabaki mita 6, yaani karibu kilomita 29 kwa saa kwa mizunguko 80. Hujapoteza chochote cha maana. Usiweke tu kihamisha cheni chenye mkono mrefu, kwa sababu kwenye gurudumu la 406 ekseli iko sentimita 25 tu kutoka chini na mkono huo utagonga mawe. Chukua wa kati. Brompton ya gia sita, kuweka meno 44 badala ya 50 kunashusha gia ya chini kutoka kama mita 2.6 hadi 2.3, na kwa mlima wa namna hiyo bado ni nzito.

Gharama halisi ya gurudumu dogo ni uchakavu. Kwa kilomita moja, gurudumu la 406 huzunguka kama mara 637, na gurudumu kubwa la 622 huzunguka kama mara 470. Tairi linaisha mapema zaidi, rimu pia. Na rimu ndogo ina chuma kidogo cha kupokea joto: ukishuka Lushoto huku umebana breki mfululizo, inapata moto haraka sana. Bana kwa nguvu kwa sekunde chache, achia, bana tena, na usimame nusu ya njia uishike rimu kwa tahadhari. Kama inaunguza kidole, pumzika.

Bawaba ndipo ninapokosa amani. Bawaba ya katikati ya fremu inabeba uzito wako wote pamoja na mabegi, kwenye barabara ambayo waliochora baiskeli hiyo huenda hawakuifikiria. Ufa huanzia kwenye weldi, chini ya rangi. Fundi anayekwambia "nimeitazama, iko salama" amekisia, nami nikikwambia hivyo nimekisia pia. Tunachoweza ni kupunguza hatari: mzigo mzito uwe mbele kwenye begi linaloshikwa na fremu, si wote kwenye karia ya nyuma. Wenzo wa bawaba ufungike kwa nguvu ya kiganja kizima, ukifungika kwa kidole kimoja umelegea. Mlio wa "kik" usiokuwepo jana ni sababu ya kusimama leo. Kwa mizigo mizito naiamini zaidi fremu ya chuma, kwa sababu chuma huwa kinapinda na kulalamika kabla ya kukatika, wakati alumini haikuagi.

Kwenye kupakia, usitoe upepo wote. Hofu ya tairi kupasuka angani haina msingi: shehena iko kwenye hewa iliyobanwa sawa na ya abiria, na tofauti na ya ardhini ni kama robo ya baa, kipimo cha shinikizo la hewa. Punguza kidogo kama shirika linataka, uache tairi liilinde rimu. Pedeli ya kushoto inafunguka kwa kuzungusha kinyume na ulivyozoea. Ukiilazimisha unaua uzi wa mkono wa pedeli. Fungua kihamisha cheni kutoka kwenye sikio la fremu na ukifunge kwa kitambaa ndani ya uma, kwani sikio hilo ndilo hupinda kwanza, na la akiba libebe, kila modeli ina lake. Katikati ya uma uliotolewa gurudumu weka kipande cha mbao chenye upana wa habu (kitovu cha gurudumu), la sivyo utabanwa. Breki za mafuta, tia kadibodi kati ya pedi. Vibano vya bawaba vya Brompton vifungue kabisa uviweke kwenye soksi, hupotea.

Ya umeme, ndege za abiria hazitaichukua betri yake. Kikomo ni saa-wati 100, au 160 kwa idhini, na betri za baiskeli hizi kwa kawaida zina 300 na zaidi.

Na sanduku gumu, ukishafika, unalifanyia nini? Ukirudi uwanja uleule, liache hotelini. Kama unashukia Kilimanjaro na kuondokea Dar es Salaam, litume kwa basi kama kifurushi, liandike namba ya simu pande zote mbili, na ndani yake acha utepe wa gundi, vipande vya sponji na ile mbao ya uma, kwa sababu usiku wa kupakia tena utavihitaji vyote.