Ndio, mnara wa Ngome ya Osaka, Japani, una lifti. Sasa tuangalie mawe

Juzi tena mgeni kaniambia "kumbe zege tupu, feki, mpaka lifti imo", akapiga selfi akasepa. Jamani. Mi kazi yangu ni ishigaki, yani kuta za mawe za ngome, na hii hadithi nimeichoka.

Tenshu ya Osaka, yani mnara mkuu wa ngome, ni zege kweli, ya 1931, michango ya wananchi. Ya Hideyoshi, mtawala aliyejenga ya kwanza, iliungua vitani 1615, ya Tokugawa, ukoo uliotawala baada yake, ikapigwa radi 1665, hakuna iliyofikisha hata miaka 40. Hii mnayoiita feki imevuka 90 na mabomu ya 1945 imeyaona, maana kiwanda cha silaha cha jeshi kilikuwa hapohapo ubavuni. Kinachonikera mimi ni rangi: juu nyeusi na simbamarara wa dhahabu, hiyo ya Hideyoshi, ghorofa za chini nyeupe za Tokugawa, na yote imekalishwa kwenye msingi wa Tokugawa, yani jengo ambalo halijawahi kuwepo hata siku moja. Na hiyo sehemu ya Hideyoshi imetolewa kwenye picha ya byobu, pazia la kukunja lililochorwa. Mchoraji wa wakubwa hupamba, hilo wataalamu tunalijua ila tunaliongea kwa sauti ya chini.

Halafu kuna wanaoshika ukuta na kusema Hideyoshi aliugusa. Aliugusa vipi? Kafa 1598! Kuta zote unazoziona pale juu ya ardhi ni za Tokugawa, zilianza 1620, za Hideyoshi wakazifukia na udongo mpaka wachimbaji walipokutana nazo 1959. Madaimyo, yani wakuu wa majimbo, waliamriwa walete granaiti toka Shodoshima na visiwa vingine kwa majahazi, kila mmoja akachonga alama yake jiwe lisije likahesabiwa la jirani, na hizo alama bado zipo, duara, mistari, herufi, pamoja na matundu ya kabari walizopasulia, watu wanapita tu macho yao yako juu mnarani. Shodoshima kwenyewe kuna mawe yalichongwa, hayakusafirishwa, yamelala mpaka leo.

Takoishi, lile jiwe kubwa pale lango la Sakura, uso wake kama mita za mraba 60. Tani 108 mnazosoma ni makadirio jamani, hakuna aliyeling'oa apime unene, na lenyewe ni bapa kama mlango, ukikosea sentimita chache tu tani zinaruka.

Kutembea kwenye bustani kubwa ya ngome ni bure, mnara ndio una tiketi. Ingilia lango la Ote asubuhi jua likiwa la pembeni, alama zinasomeka vizuri, lifti utaikuta.