William Billings wa Boston: dhana potofu na ukweli

Dhana: Melodi ya nyimbo zake iko kwenye soprano.

Hapa ndipo kwaya nyingi za leo zinapoharibu. Billings (1746–1800), mtunzi wa nyimbo za kwaya wa Marekani, aliiweka melodi kwenye teno, yaani sauti ya juu ya wanaume. Soprano wakiachiwa watawale, melodi yenyewe inazama. Desturi ya wakati wake ilikuwa wanaume na wanawake kuchanganyika kwenye teno na kwenye soprano, kila kundi kwa oktava yake, hivyo sauti nne zikasikika kama sita. Chini alitaka uzito: katika waimbaji 40, besi wawe 20, na sita au saba wenye sauti nzito kuliko wote washike noti za chini kabisa. Kwaya yenye besi wanne na soprano 15 haitoi mlio huo hata ifanye mazoezi mwaka mzima.

Dhana: Yeye ndiye aliyebuni nyimbo za kupokezana sauti.

Mtindo huo ulitoka makanisa ya vijijini Uingereza. Sauti zote huanza pamoja na kutua, kisha huingia moja moja, mara nyingi besi ikitangulia, zikutane tena mwishoni. Nyimbo zake nyingi hata hazina sehemu hiyo.

Dhana: Alikuwa mtengeneza ngozi tu, asiyejua kanuni.

Ngozi alitengeneza kweli, na muziki alijifunza zaidi mwenyewe. Lakini kanuni alizifahamu. Alikataa tu kufungwa nazo. Wakosoaji waliposema muziki wake hauna noti zinazogongana za kutosha, aliwajibu mwaka 1778 kwa “Jargon”, wimbo mfupi ambao karibu kila noti inagombana na mwenzake. Akaambatanisha maelekezo ya dhihaka: besi iimbwe na punda anayelia, teno ipigwe kwa kunoa msumeno kwa tupa, sauti ya pili iimbwe na nguruwe mwenye njaa, soprano ilizwe na gurudumu la mkokoteni uliojaa mzigo na kukosa grisi.

Dhana: Umaarufu ulimtajirisha.

Mwaka 1772 bunge la Massachusetts lilipitisha sheria ya kulinda haki zake; gavana Hutchinson akakataa kutia saini. Wachapishaji wengine wakazitumia nyimbo zake bila kumlipa, naye akafa maskini.

Dhana: Wimbo wake “Chester” ulitungwa kwa ajili ya vita vya uhuru wa Marekani.

Ulichapishwa mwaka 1770, miaka mitano kabla ya vita, ingawa tayari ulikuwa unawakemea madhalimu. Beti zinazowataja majenerali wa Uingereza, Howe na Burgoyne wakiwemo, aliziongeza mwaka 1778.