Risasi fupi za shotgani na chemba ndefu: hatari iko upande wa pili

Kwa muda mrefu umekuwa ukizunguka katika makundi ya mtandaoni ujumbe unaodai kwamba risasi fupi za zamani za shotgani, zenye urefu wa milimita 65, hupasua mtutu wa bunduki ya kisasa yenye chemba (sehemu ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi) ya milimita 70 au 76. Dai hilo si sahihi. Risasi ya geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu) iliyo fupi kuliko chemba hutumika kwa usalama katika bunduki ya geji 12 iliyo nzima, ingawa bunduki inayojipakia yenyewe huenda ikashindwa kutoa ganda kwa sababu msukumo ni mdogo.

Kinyume chake ndicho cha kuogopwa, na hapo ndipo watu huchanganyikiwa. Urefu unaoandikwa kwenye boksi ni wa ganda lililokwisha kufyatuliwa. Risasi mpya ya milimita 70 mdomo wake umekunjwa, hivyo huingia bila kikwazo katika chemba ya milimita 65 ya bunduki kongwe, kama zile nyingi zilizotengenezwa Uingereza. Ikifyatuliwa, mkunjo hukosa nafasi ya kufunguka, ukabana njia na kupandisha shinikizo kupita kiasi. Kuingia kwake, basi, si ushahidi kwamba inafaa.

Geji na urefu wa chemba kwa kawaida huchongwa kwenye mtutu. Linganisha na boksi, na pasipo alama, fundi wa silaha apime. Risasi iliyovimba kwa unyevu au yenye kutu kwenye kitako isitumike kamwe. Tafadhali msiendelee kuusambaza ujumbe huo, kwani humtisha asiye hatarini na kumwacha mwenye bunduki ya babu yake akidhani yuko salama.